Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Migogoro ya Malipo kati ya Wakandarasi Huru na Kampuni za Usimamizi wa Majengo ya Fleti

Majibu haya yanamhusu fundi bomba, fundi umeme, mpaka rangi, fundi wa lifti, mwenye kazi ya usafi na mtu mwingine yeyote anayefanya kazi kwa mkataba wake mwenyewe, si kwa ajira, katika majengo ya fleti yanayosimamiwa na kampuni. Sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi. Kwa sababu hiyo, kila sheria au hukumu iliyotajwa hapa imetajwa pamoja na nchi yake, ili msomaji aone jinsi hoja inavyojengwa, si ili aibebe kama ilivyo na kuipeleka katika mahakama ya kwao. Katika majengo haya ugomvi wa malipo hauhusu ubora wa kazi peke yake, ingawa ndivyo unavyoonekana kwa nje. Chimbuko lake kubwa ni kwamba aliyeagiza kazi, aliyeikagua na mwenye fedha za kuilipia ni watu watatu tofauti.

Nimemaliza kazi na sijalipwa. Nimdai nani, kampuni ya usimamizi au mwenye jengo?

Anayelikosea swali hili hupoteza miezi akimwandikia mtu asiye mdaiwa wake. Kwa kawaida kampuni ya usimamizi si mmiliki wa jengo bali ni wakala: hukusanya kodi za wapangaji au michango ya wamiliki wa fleti, huweka walinzi na kuita mafundi, hulipa ankara, kisha hutoa hesabu kwa mwenye jengo au kwa chama cha wamiliki. Katika nchi zinazofuata mfumo wa sheria wa Uingereza, kanuni ya jumla ni kwamba wakala anayeingia mkataba kwa niaba ya mtu aliyetajwa wazi hawajibiki yeye mwenyewe kwa deni la mkataba huo. Deni ni la aliyemtuma. Wakala akiagiza kazi kwa jina lake mwenyewe, bila kumweleza fundi kwamba anamwakilisha mtu mwingine, fundi ana haki ya kumdai wakala, na akishamfahamu aliyemtuma anaweza kuamua kumdai huyo badala yake, ingawa hawezi kulipwa na wote wawili.

Zitoe basi nyaraka zako na uzisome kwa macho ya mtu asiyekujua. Je, oda ya kazi imeandikwa "kwa niaba ya" nani? Uliambiwa ankara uielekeze kwa jina gani? Malipo ya awali, kama yalikuwapo, yalitoka katika akaunti ya nani? Aliyetia saini aliandika cheo gani chini ya jina lake? Majibu yakigongana, kwa mfano oda imetolewa kwa jina la kampuni lakini fedha zilitoka katika akaunti ya chama cha wamiliki, waandikie wote wawili barua moja, ueleze kwamba unamdai yeyote kati yao anayewajibika, na uitake kampuni itaje kwa maandishi jina kamili na anwani ya aliyeituma. Kampuni ikikwepa kumtaja, barua hiyo na ukimya wake vitakuwa sehemu ya ushahidi wako.

Hatukuwa na mkataba wa maandishi. Je, nimepoteza haki yangu?

Hapana, katika nchi nyingi makubaliano ya mdomo kuhusu kazi ya kawaida ni mkataba halali. Tatizo lake ni ushahidi, na mali bila daftari hupotea bila habari. Hata hivyo, fundi anayesema hana maandishi yoyote mara nyingi anayo bila kuyatambua: ujumbe wa simu wa meneja uliosema "njoo kesho uangalie pampu", risiti za vifaa vilivyonunuliwa siku hiyo, picha za kabla na baada zenye tarehe, jina lako katika daftari la wageni getini, na muamala wa malipo ya awali. Vipande hivi vikipangwa kwa mfuatano wa tarehe vinaweza kusimamisha dai vizuri kuliko mkataba mrefu ambao hakuna aliyeusoma.

Kama bei haikutajwa kabisa, sheria za nchi nyingi humpa fundi malipo yanayostahili kwa kazi iliyopokelewa. Kifungu cha 70 cha Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, ambacho kanuni yake imo pia katika Sheria ya Mikataba ya Tanzania, kinaeleza kwamba mtu anayemfanyia mwenzake jambo kwa njia halali bila nia ya kulifanya bure, na mwenzake akafaidika nalo, anastahili kufidiwa. Kipimo cha malipo hayo ni thamani ya kazi katika soko, si kiasi ambacho fundi alikuwa anakitarajia moyoni.

Meneja wa jengo aliniambia niongeze kazi. Sasa ofisi inasema hakuwa na mamlaka. Nifanye nini?

Huu ndio mtego mkubwa kuliko yote katika kazi za majengo ya fleti. Mkataba kati ya kampuni na mwenye jengo kwa kawaida humwekea meneja kikomo cha matumizi: kiasi fulani anaweza kukiidhinisha mwenyewe, na zaidi ya hapo ni lazima apate kibali cha mwenye jengo au cha kamati ya wamiliki. Fundi haonyeshwi mkataba huo. Anamwona meneja mwenye funguo, mwenye ofisi ndani ya jengo, ambaye ameidhinisha kazi kumi zilizotangulia na zote zikalipwa, kisha ya kumi na moja anaambiwa kwamba meneja huyo alijituma mwenyewe.

Sheria za nchi nyingi zina jibu linalomlinda fundi hapa. Mtu akimweka mwakilishi wake katika nafasi inayowafanya watu waamini kwamba ana mamlaka, hawezi baadaye kuyakana mamlaka hayo mbele ya mtu aliyeamini kwa nia njema. Kwa hiyo zile kazi kumi zilizolipwa bila swali ni ushahidi mzuri, nawe ziorodheshe kwa tarehe na kiasi. Hoja hiyo inadhoofika ikiwa oda yako ya kazi ina sentensi isemayo kwamba kazi ya ziada haitalipwa bila idhini ya maandishi. Sentensi hiyo mara nyingi huwa nyuma ya karatasi, kwa herufi ndogo.

Kinga yake haigharimu chochote. Kabla hujashika chombo, mtumie meneja ujumbe kama huu: "Kama tulivyozungumza leo saa nne asubuhi, umeniagiza nibadilishe pia bomba la ghorofa ya tatu kwa nyongeza ya kiasi hiki. Nitaanza saa nane mchana. Kama nimekuelewa vibaya, tafadhali niarifu kabla ya hapo." Akijibu ndiyo, una idhini, akinyamaza na kukuacha uifanye kazi mbele ya macho yake, una kitu cha kumwonyesha hakimu, ingawa ukimya wake hauna nguvu sawa na jibu. Maji yakiwa yanamwagika usiku wa manane, zuia madhara kwanza, ila fanya yale tu yanayohitajika kuyazuia, piga picha, na utume ujumbe kabla hujaondoka. Matengenezo kamili yasubiri kibali.

Kampuni inasema itanilipa mwenye jengo atakapoilipa. Je, ni sababu halali?

Inategemea mlivyokubaliana na sheria ya mahali ulipo. Kama kampuni ni wakala tu, maneno hayo yana ukweli ndani yake, kwa kuwa fedha si zake. Basi acha kuibembeleza na umwandikie mwenye jengo moja kwa moja. Kama kampuni ilikuagiza kwa jina lake, ucheleweshaji wa mwenye jengo ni suala kati yao wawili, isipokuwa kama ulitia saini kifungu kinachofunga malipo yako na malipo yao. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 1996 kuhusu mikataba ya ujenzi ilivinyima nguvu vifungu vya namna hiyo katika mikataba inayoihusu, ila pale tu ambapo yule anayesubiriwa kulipa amefilisika. Penye sheria isiyogusa jambo hilo, kifungu kinaweza kutumika kama kilivyoandikwa. Usikitie saini bila kukiwekea ukomo wa siku.

Uliza pia swali ambalo kampuni hailitarajii: je, michango ya matengenezo ilikusanywa? Katika majengo yenye wamiliki wengi, kazi kama ya paa au lifti kwa kawaida hupangiwa bajeti kabla ya kuagizwa. Ikiwa fedha zilikusanywa kwa ajili ya kazi yako na hazikukufikia, wamiliki wenyewe watataka kujua zilikokwenda, na barua kwa katibu wa chama chao inaweza kufungua mlango ambao simu ishirini kwa mhasibu hazikuufungua.

Wanadai kazi yangu ina kasoro. Wanaweza kuzuia malipo yote?

Kwa kawaida hawawezi, ikiwa kazi imekamilika kwa sehemu yake kubwa. Kesi mbili za Mahakama ya Rufani ya Uingereza zinaonyesha mpaka ulipo. Ya kwanza, Hoenig dhidi ya Isaacs ya mwaka 1952, ilihusu fleti ya chumba kimoja iliyopambwa na kuwekewa samani kwa pauni 750. Mwenye fleti alikuwa amelipa 400, akakataa kulipa 350 zilizobaki kwa sababu ya kasoro za kabati la nguo na rafu ya vitabu ambazo kuzirekebisha kungegharimu pauni 55 na ushee. Mahakama iliamua kwamba kazi ilikamilika kwa kiasi cha kutosha, hivyo alipe salio baada ya kutoa gharama ya marekebisho. Ya pili, Bolton dhidi ya Mahadeva ya mwaka 1972, ilihusu mfumo wa kupasha nyumba joto uliokubaliwa kwa pauni 560 jumla. Mfumo ulitoa moshi, vyumba vingine vikapata joto na vingine visipate, na marekebisho yalikadiriwa kuwa pauni 174. Mkandarasi alikataa kurekebisha, na hakupata malipo ya kazi hiyo.

Tofauti ya hukumu hizo haiko katika hesabu peke yake. Rafu fupi haiizuii fleti kuwa fleti, lakini mfumo wa joto usiopasha joto haujatimiza lile ulilonunuliwa kulifanya. Kukataa kurudi kurekebisha nako ni kosa ambalo fundi aliyeudhika hulitenda kwa urahisi mno. Ukipokea malalamiko, hata ukiyaona ya uongo, jibu kwa maandishi: omba orodha ya kasoro moja moja pamoja na picha, taja siku mbili unazoweza kufika kukagua, na uombe malipo ya sehemu isiyo na ubishi yatolewe bila kusubiri. Kampuni ikikunyima nafasi ya kuingia kisha ikamwita fundi mwingine kwa bei ya juu, itapata shida kukutwika gharama yote ya huyo wa pili.

Zipo pia kasoro zinazozaliwa na ankara. Malalamiko yanayofika mara ya kwanza siku arobaini baada ya kazi kukaguliwa na kupokelewa, na siku moja baada ya barua yako ya madai, yana harufu yake, na hakimu naye ana pua. Ndiyo maana inafaa kupata saini ya mapokezi siku unayokabidhi kazi, hata kama ni ya mlinzi aliyekufungulia chumba cha pampu, ingawa ya meneja ni bora zaidi.

Katikati ya kazi niliona nimejipunja bei. Kampuni ikaahidi nyongeza ili nimalize, sasa inakataa. Ahadi hiyo inanipa haki?

Kesi maarufu kuhusu jambo hili inahusu fleti hasa. Katika Williams dhidi ya Roffey Bros, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Uingereza mwaka 1989, kampuni iliyokuwa inakarabati fleti 27 jijini London ilimpa seremala kazi za mbao kwa pauni 20,000. Bei ilikuwa ndogo mno, na seremala akaishiwa fedha njiani. Kampuni, ikiogopa kutozwa fidia kwa kuchelewa, ikamwahidi pauni 575 zaidi kwa kila fleti atakayoimaliza. Alimaliza nyingine nane, akalipwa kidogo tu, akasimama na kushtaki. Hoja ya kampuni ilikuwa kwamba seremala hakutoa kitu kipya, kwa kuwa kuimaliza kazi ulikuwa wajibu wake tangu mwanzo. Mahakama ilisema kwamba kampuni ilipata faida halisi kwa kuepuka usumbufu na fidia, na kwamba seremala hakuipata ahadi hiyo kwa vitisho, kwa hiyo ilimfunga aliyeitoa.

Neno la kuangaliwa hapo ni kwamba hakutumia vitisho. Fundi anayeng'oa mlango wa lifti kisha akasema hataurudisha mpaka bei iongezwe hayuko katika nafasi ya seremala yule.

Wamenitumia kiasi pungufu wakiandika "malipo ya mwisho". Nikipokea, nimesamehe kilichobaki?

Hapa nchi mbili zinazotumia lugha moja zinaweza kukupa majibu mawili. Nchini Uingereza, tangu kesi ya Pinnel ya mwaka 1602 na uamuzi wa Foakes dhidi ya Beer wa mwaka 1884, kulipa sehemu ya deni lisilo na ubishi hakufuti deni lote kwa sababu tu mdai amepokea. Nchini Marekani, hundi iliyoandikwa wazi kwamba ni malipo kamili ya dai lenye ubishi wa kweli, ikitolewa kwa nia njema, inaweza kulifuta deni pale mdai anapoichukua fedha yake, ingawa kanuni za huko humpa katika hali fulani siku 90 za kuirudisha fedha hiyo na kubaki na dai lake.

Popote ulipo, jibu kwa maandishi kabla hujaigusa fedha: unaipokea kama sehemu ya ankara namba fulani, na salio la kiasi fulani bado unalidai. Kama fedha imeingia yenyewe katika akaunti, andika siku hiyo hiyo. Kama ni hundi yenye maneno hayo, usiiweke benki kabla ya kupata ushauri, hata kama shida inakubana.

Wananitaka nisaini hati ya kuachilia madai yote ndipo wanilipe. Nisaini?

Saini ile tu inayosema kwamba madai yanaachiliwa baada ya fedha kuingia katika akaunti yako, na inayotaja ankara inazozihusu. Hati inayosema umekwisha kulipwa wakati hujalipwa ni zawadi kwa mdaiwa wako.

Ankara inahesabiwa kuchelewa baada ya siku ngapi, na ninaweza kudai riba?

Tarehe iliyo katika mkataba ndiyo ya kwanza kuangaliwa. Kama haipo, sheria za nchi kadhaa hujaza pengo. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2011 linaweka siku 30 pale ambapo biashara mbili hazikutaja muda, na linataka muda wa kukubaliana usizidi siku 60 isipokuwa imeandikwa wazi na isiwe dhuluma kwa mdai. Riba yake ni angalau asilimia 8 juu ya kiwango cha rejea cha Benki Kuu ya Ulaya, pamoja na angalau yuro 40 za kufidia gharama za kufuatilia deni. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1998, ina asilimia 8 juu ya riba ya msingi ya Benki Kuu yake. Jiji la New York, tangu Mei 2017, linamtaka anayemwajiri mkandarasi huru kwa kazi ya dola 800 au zaidi kumpa mkataba wa maandishi, na kumlipa ndani ya siku 30 baada ya kumaliza kazi kama tarehe haikutajwa. Mahali pasipo na sheria kama hizi, riba inayodaiwa kwa urahisi ni ile iliyoandikwa katika mkataba au katika makadirio ya bei yaliyokubaliwa, na kuichomeka katika ankara baada ya kazi kwisha kwa kawaida hakutoshi.

Kabla ya kuhesabu siku, hakikisha ankara ilipokelewa kweli. Ofisi za hesabu huweka kando, bila kumwambia mtu, ankara isiyo na namba ya oda ya kazi, isiyotaja jengo na namba ya fleti, au yenye jina la mdaiwa lisilo sahihi. Fundi husubiri miezi miwili akidhani amedhulumiwa, kumbe karatasi yake haijawahi kuingia kwenye mfumo. Siku tatu baada ya kuituma, uliza swali moja kwa maandishi: imeingizwa, na imepangiwa malipo tarehe ipi? Jibu la swali hilo likisema "imeidhinishwa", limekutolea nusu ya ubishi wa baadaye.

Nina haki ya kusimamisha kazi, kung'oa vifaa nilivyofunga au kufunga maji mpaka nilipwe?

Mambo haya matatu yana majibu tofauti. Kusimamisha kazi kunawezekana pale mkataba au sheria inapokuruhusu, nako kunataka notisi. Ile sheria ya Uingereza ya mwaka 1996, kwa mfano, inadai angalau siku saba za notisi inayotaja sababu. Anayetoweka kimya anaweza kujikuta yeye ndiye aliyevunja mkataba.

Kung'oa ulichofunga ni hatari. Katika sheria za nchi nyingi kitu kilichoshikamanishwa na jengo kwa namna ya kudumu huhesabiwa sehemu ya jengo, na kukichukua kunaweza kuwa wizi au uharibifu hata kama hujalipwa senti. Ama kukata maji, umeme au lifti, usifanye kabisa. Wapangaji hawakukukopa chochote, na kosa lako jipya litafunika dai lako la haki. Kwa sababu hiyo hiyo usiwafuate wapangaji ukiwataka wakulipe kutoka kodi zao.

Baadhi ya nchi zimempa fundi njia ya kisheria ya kulifanya jengo lenyewe kuwa dhamana ya deni. Nchini Marekani mtindo huo ulianza Maryland mwaka 1791, wakati mji mkuu mpya wa Washington ulipokuwa ukianzishwa, na leo kila jimbo lina sheria yake. Ni silaha kali kwa kuwa mwenye jengo hawezi kuliuza kwa urahisi likiwa na deni lililosajiliwa, lakini tarehe zake za mwisho ni fupi na hazisamehe. Ukiwa katika nchi yenye haki hiyo, iulizie wiki ya kwanza ya kucheleweshwa.

Kampuni ya usimamizi imebadilishwa. Mpya inasema deni ni la ile iliyotangulia.

Kama mkataba ulikuwa na mwenye jengo kupitia wakala, kubadilisha wakala hakubadilishi mdaiwa. Mwandikie mwenye jengo, na nakala uipe kampuni mpya pamoja na nyaraka zote, kwa maana inawezekana haikukabidhiwa faili lako. Kama uliajiriwa na kampuni ya zamani kwa jina lake, deni limebaki kwake.

Nikienda ofisi ya kazi watanisaidia?

Mara nyingi ofisi hizo hushughulikia waajiriwa, nawe ni mkandarasi. Lakini jina lililoandikwa katika mkataba halimalizi suala. Kama kampuni ilikupangia saa za kuingia na kutoka, ikakupa zana na sare, ikakukataza kufanya kazi kwingine na kukulipa kiasi kile kile kila mwezi, huenda sheria ikakuhesabu mwajiriwa, na hapo unachodai ni mshahara.

Barua ya madai iandikweje?

Iwe fupi kuliko hasira yako. Aya ya kwanza itaje jengo, namba ya oda, tarehe ya kazi na aliyeagiza. Ya pili itaje kiasi kilichokubaliwa, kilicholipwa na kilichobaki, kila kimoja kwa tarakimu. Ya tatu ijibu sababu waliyoitoa ya kutolipa, kama waliitoa, bila matusi na bila kurudia historia ya uhusiano wenu. Ya mwisho itaje tarehe kamili ya kulipa, namba ya akaunti, na hatua utakayochukua tarehe hiyo ikipita. Usiandike "haraka iwezekanavyo", wala usitishie hatua ambayo huna nia ya kuichukua. Vilevile usitishie kwenda polisi kwa deni la kawaida, maana katika baadhi ya nchi kutumia tishio la jinai kudai fedha ni kosa lenyewe.

Ambatisha nakala na ubaki na asili. Itume kwa njia inayoacha alama ya kupokelewa, na uielekeze kwa kampuni na kwa mwenye jengo kwa pamoja. Mara nyingi nakala ya mwenye jengo ndiyo inayofanya kazi, kwa kuwa huenda yeye alikwisha kuambiwa kwamba umelipwa.

Barua imepita bila jibu. Niende mahakamani?

Pima kwanza ukubwa wa deni, gharama, na kama mdaiwa ana kitu cha kulipa. Kwa madeni madogo nchi nyingi zina mahakama zenye utaratibu mwepesi ambako wakili si lazima: Uingereza na Wales kwa kawaida hadi pauni 10,000, na Kenya, chini ya sheria ya mwaka 2016, hadi shilingi milioni moja, ambako kesi inatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60. Kwa mikataba ya ujenzi Uingereza ina pia uamuzi wa haraka wa mtaalamu, ambao kwa kawaida hutolewa ndani ya siku 28. Soma pia mkataba wako uone kama unakutaka upite kwanza kwa msuluhishi, kwa sababu ukiiruka hatua hiyo kesi inaweza kusimamishwa.

Usichelewe kwa kudhani deni halizeeki. Muda wa kudai deni la mkataba nchini Kenya, Tanzania na Uingereza kwa kawaida ni miaka sita, na kwingineko unaweza kuwa mfupi zaidi. Mashahidi, kwa upande wao, huhama mapema kuliko hapo: meneja ataacha kazi, mlinzi atahamishwa, na simu yenye ujumbe wa idhini itaanguka majini. Hifadhi nakala mahali pa pili leo.

Nikiwataja hadharani mtandaoni, si watalipa haraka?

Wengine hulipa. Wengine hufungua kesi ya kashfa, na hapo unakuwa mshtakiwa katika mgogoro ambao ulikuwa mdai.

Wamenilipa hatimaye. Niendelee kufanya nao kazi?

Kwa maoni yangu inategemea chanzo cha ucheleweshaji. Kampuni iliyochelewa kwa sababu ankara ilipotea mezani, ikakiri na kulipa, inaweza kuwa mteja mzuri kuliko ile ambayo hujawahi kukorofishana nayo. Kampuni iliyobuni kasoro ili isilipe itazibuni tena. Kwa yoyote utakayorudi kwake, omba fedha ya vifaa itangulie, gawa kazi kubwa katika awamu ambazo kila moja inalipwa kabla ya inayofuata kuanza, na ukubaliane mapema ni nani hasa anayeidhinisha nyongeza na kwa njia gani. Kama meneja atasema hayo yote hayana haja kwa sababu mnafahamiana, mwombe aandike hivyo katika oda ya kazi na kutia saini.